Rwanda Ina Waandishi, Sisi Tunaijua Filamu Moja

Nitajie waandishi watatu wa Rwanda. Usikimbilie simu. Watatu tu.

Swali hili nimekuwa nikiwauliza washikaji na wanahabari wenzangu kwa muda sasa. Ni watu wenye digrii zao, watu ambao ukiwatajia Achebe, Ngugi au Soyinka wanaanza kubishana mpaka chai inapoa. Kwenye Rwanda wengi wananyamaza. Mmoja alinijibu kwa kujiamini kabisa: "Hotel Rwanda!" Tulicheka, lakini jibu lile limenikaa rohoni. Hotel Rwanda si kitabu. Ni filamu ya mwaka 2004. Aliyeiongoza ni Terry George, mtu wa Ireland Kaskazini. Mwigizaji wake mkuu, Don Cheadle, ni Mmarekani. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Yaani tunachokijua kuhusu jirani yetu tumesimuliwa na watu wa mbali, kwa Kiingereza, na tumeridhika.

Ajabu yake ni kwamba hakuna nchi iliyoingia kwenye kisa cha Rwanda kama hii yetu. Mkataba wa amani uliokusudiwa kumaliza vita vya Rwanda ulisainiwa Arusha, tarehe 4 Agosti 1993. Ndege ya Rais Habyarimana iliyotunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ilikuwa inatoka Dar es Salaam, kwenye mkutano. Mwishoni mwa Aprili hiyo hiyo, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Mahakama ya kimataifa iliyowahukumu wakubwa wa mauaji yale ilikaa Arusha mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Sisi tumo ndani ya kisa hiki kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenye kisa chenyewe ndio hatuwasomi.

Hoja yangu leo ni moja, na nitaisema wazi ili ukitaka kubisha ujue unabisha nini. Taifa linalosimuliwa na wengine tu hunyang'anywa hata wafu wake. Wanyarwanda wamelikataa hilo kwa kuandika. Na sisi wasomaji wa Kiswahili, majirani zao kabisa, tunashirikiana na wanyang'anyi kila tunaposubiri Paris au London ituambie nani ni mwandishi na nani si mwandishi.

Tuanze kwa kuondoa uongo mmoja, kwamba fasihi ya Rwanda ilizaliwa mwaka 1994.

Muda mrefu kabla Mzungu hajafika, ikulu ya wafalme wa Rwanda ilikuwa na washairi wake rasmi, walioitwa abasizi. Mashairi yao, ibisigo, yalikuwa marefu, magumu, yamejaa mafumbo, na yalihifadhiwa kichwani kizazi baada ya kizazi. Masimulizi ya Rwanda yenyewe yanamtaja mwanamke, Nyirarumaga, kuwa ndiye aliyeasisi utanzu huo. Mbali na hayo kulikuwa na ibyivugo, majigambo ya mashujaa, na kulikuwa na mashairi ya kuwasifu ng'ombe, amazina y'inka. Usicheke. Mtu anayetoka kwa wafugaji anajua kwamba ng'ombe anastahili shairi kuliko wanasiasa wengi tunaowaimbia.

Aliyeyaweka mengi ya hayo kwenye maandishi ni Alexis Kagame. Huyu si rais wa sasa. Huyu alikuwa padri Mkatoliki, mwanahistoria, mshairi na mwanafalsafa, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1981. Aliwafuata wazee waliokuwa wanayajua mashairi ya ikulu, akakusanya zaidi ya mia moja. Yeye mwenyewe aliandika kwa Kinyarwanda. Mwaka 1949 alitoa shairi refu la kuchekesha kuhusu nyama ya nguruwe, akaliita Indyohesha-birayi, maana yake kitu kinachokoleza viazi. Padri anaandika utani kuhusu kitimoto, katikati ya ukoloni! Nani alikuambia Wanyarwanda wanajua kulia tu?

Lakini kitabu chake ambacho kingetupasa sisi kukisoma kwanza ni kile cha falsafa kilichotoka 1956, La philosophie bantu-rwandaise de l'être. Humo Kagame anachukua maneno manne ya Kinyarwanda, umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, anauliza: je, lugha yetu yenyewe haina mpangilio wa kufikiri juu ya vyote vilivyopo? Yasome maneno hayo polepole. Umuntu ni mtu. Ikintu ni kitu. Ahantu ni mahali. Ukuntu ni namna jambo linavyokuwa. Ni ngeli zile zile zilizotutesa darasani. Unaweza usikubaliane naye, na wanafalsafa wengi wa Kiafrika walibishana naye sana kwamba sarufi haitoshi kuwa falsafa. Sawa. Lakini jamani, mtu ametafuta falsafa ndani ya "mtu" na "kitu", na sisi wenye "mtu" na "kitu" inabidi tukasome Kifaransa ili tumwelewe. Hapo pana kitu kimepinda.

Wakati huo huo kulikuwa na Saverio Naigiziki. Mwaka 1949 kitabu chake Escapade ruandaise, kisa cha karani wa umri wa karibu miaka thelathini anayetoroka, kilichapishwa Brussels. Mwaka 1955 akakitoa upya kikiwa kimepanuliwa, kwa jina jingine. Mwaka 1949! Achebe alikuwa bado mwanafunzi wa chuo. Halafu kulikuwa na Cyprien Rugamba, mshairi, mtunzi wa nyimbo na ngoma, mtu wa utafiti wa utamaduni kule Butare, aliyeanzisha kundi la Amasimbi n'Amakombe. Aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji, pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao sita.

Nimeandika tarehe hiyo makusudi. Watu wakisema fasihi ya Rwanda "ilianza" 1994 wanakuwa wamewaua watu kama Rugamba mara ya pili. Mwaka 1994 fasihi hiyo ilikatwa.

Na sasa tuseme jambo ambalo sisi wa kalamu na kipaza sauti hatupendi kulisema. Kalamu ilikuwapo upande wa wauaji pia. Gazeti la Kangura la Hassan Ngeze, Desemba 1990, lilichapisha zile zilizoitwa amri kumi za Mhutu, zikimfundisha msomaji kumchukia jirani yake Mtutsi. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo 1993, ikiwa na muziki mzuri, utani mwingi na watangazaji wenye mdomo mtamu. Vijana waliipenda. Kati ya waanzilishi wake alikuwamo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu. Mwalimu wa chuo kikuu, jamani, si mlevi wa kijiweni. Desemba 2003, pale Arusha, mahakama iliwatia hatiani Nahimana, Ngeze na Jean-Bosco Barayagwiza. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hakuna aliyetoka huru.

Mimi kila nikisikia mtangazaji anawaita watu fulani wadudu, kwa utani tu, nywele zinanisimama. Kule neno lilikuwa inyenzi. Maana yake mende.

Ndiyo maana naona kazi kubwa mno imefanywa na mwanamke mmoja aliyeliokota neno hilo na kuliweka juu ya jalada la kitabu chake. Scholastique Mukasonga alizaliwa 1956. Mwaka 1960 familia yake, kwa kuwa ni Watutsi, ilihamishwa kwa nguvu ikatupwa Nyamata, eneo la Bugesera, lililokuwa kame na lenye mbung'o. Mwaka 1973 akakimbilia Burundi. Tangu 1992 anaishi Ufaransa, ambako amefanya kazi ya ustawi wa jamii. Mwaka 1994 ndugu zake zaidi ya ishirini waliuawa. Yeye, aliyekuwa mbali, akabaki mtunza kumbukumbu wa ukoo mzima.

Mwaka 2006 akatoa Inyenzi ou les Cafards. Mwaka 2008 akatoa La femme aux pieds nus, kitabu cha mama yake, Stefania. Mama huyu aliwausia mabinti zake kwamba siku akifa waufunike mwili wake kwa nguo yake, mtu asiuone. Siku ilipofika hapakuwa na binti wa kumfunika, wala mwili wa kufunikwa haukupatikana. Kitabu ndicho kikawa sanda. Lakini ukikisoma hukuti maiti kila ukurasa. Unakuta mtama, unakuta mama anayejenga nyumba ya jadi uhamishoni ili asisahau yeye ni nani, unakuta wanawake wakitafutiana wachumba na kuchekana mitindo ya nywele. Yaani unakuta watu. Wauaji walitaka dunia isijue kwamba watu hao waliwahi kuchekana mitindo ya nywele. Mukasonga akawakatalia.

Halafu kuna riwaya yake Notre-Dame du Nil, iliyopata Tuzo ya Renaudot mwaka 2012, na baadaye filamu yake ikaongozwa na Atiq Rahimi, ikatoka 2019. Ni shule ya bweni ya wasichana juu mlimani, karibu na chemchemi ya mto Nile, miaka ya sabini. Mabinti wa wakubwa wanasoma humo, na wasichana wa Kitutsi wamo kwa mgao wa asilimia 10. Aliyesoma bweni atajiona humo: chakula, umbea, mwalimu wa ajabu, kiranja mwenye baba mkubwa. Na polepole, bila kupiga kelele, mwandishi anakuonyesha jinsi uongo mmoja wa binti mmoja mwenye baba mkubwa unavyoweza kugeuka damu. Riwaya inaishia miaka ishirini kabla ya 1994, lakini ukiifunga umeielewa 1994 kuliko filamu yoyote. Na ile chemchemi? Maji yake hushuka hadi mto Kagera, na Kagera huingia Ziwa Viktoria. Mkazi wa Mwanza anaweza kuwa ameyanywa maji ya riwaya hii kabla hajaisikia.

Kuna jambo jingine nililoligundua nikipanga vitabu hivi mezani. Angalia majalada ya shuhuda za mwanzo mwanzo za manusura. Yolande Mukagasana, muuguzi wa Nyamirambo aliyempoteza mumewe na watoto wake watatu, alitoa La mort ne veut pas de moi mwaka 1997 pamoja na Patrick May. Esther Mujawayo alitoa SurVivantes mwaka 2004 pamoja na Souâd Belhaddad. Immaculée Ilibagiza, Left to Tell, mwaka 2006, pamoja na Steve Erwin. Clementine Wamariya, aliyekimbia akiwa na miaka sita akapita nchi saba za Afrika, alitoa The Girl Who Smiled Beads mwaka 2018 pamoja na Elizabeth Weil. Kila Mnyarwanda na mtu wa nje pembeni yake. Siwalaumu. Aliyetoka kaburini ana haki ya kumpa mkono yeyote aliye karibu, na baadhi ya vitabu hivyo vimeniliza. Ninachouliza ni kwa nini mkono wa jirani haukuwapo. Mwandishi wa habari wa Tanzania aliyekaa na Mnyarwanda mmoja miaka miwili wakaandika kitabu pamoja, kwa Kiswahili, yuko wapi? Nilitegemea kumpata rafuni, na bado namtafuta.

Waafrika wengine walijaribu. Mwaka 1998 Nocky Djedanoum wa Chad, kupitia tamasha la Fest'Africa, aliwapeleka waandishi wapatao kumi Rwanda wakakae, wasikilize, kisha waandike. Walikuwamo Boubacar Boris Diop wa Senegal, Véronique Tadjo wa Ivory Coast, Tierno Monénembo wa Guinea, na hata Meja Mwangi wa Kenya. Wanyarwanda walikuwa wawili, Jean-Marie Vianney Rurangwa na Vénuste Kayimahe. Vilitoka vitabu vizito, hasa Murambi cha Diop, mwaka 2000. Kinachonivutia zaidi ni kilichompata Diop baada ya hapo. Mwaka 2003 alitoa riwaya kwa Kiwolofu, Doomi Golo, na mwenyewe ameeleza kwamba Rwanda ndiyo iliyomsukuma kurudi kwenye lugha ya nyumbani. Msenegali ameenda Rwanda akarudi na swali la lugha. Sisi tulio mlango wa pili, wenye lugha inayosemwa na mamilioni, hatujaliuliza.

Kizazi kipya nacho kimeshika kalamu. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura 1982, mama Mnyarwanda, baba Mfaransa, alikuwa mwanamuziki wa rap kabla ya kuandika Petit Pays, mwaka 2016. Wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa walikichagua kwa tuzo yao ya Goncourt mwaka huo. Anaishi Kigali. Mwaka 2024 riwaya yake Jacaranda ikachukua Renaudot, tuzo ile ile ya Mukasonga. Petit Pays imetafsiriwa kwa Kinyarwanda kwa jina la Gahugu Gato. Litamke jina hilo, kisha lijaribu kwa Kiswahili cha bara: kanchi kadogo. Unaona? Hata hatuhitaji kamusi.

Beata Umubyeyi Mairesse, mzaliwa wa Butare, mwaka 1979, ndiye anayetuhusu zaidi sisi wanahabari. Aliokoka Juni 1994 akiwa na miaka kumi na mitano, amefichwa pamoja na mama yake katika msafara wa malori uliokuwa unawavusha watoto kwenda Burundi. Waandishi wa nje waliupiga picha msafara ule. Kitabu chake Le convoi cha mwaka 2024 kinaeleza jinsi alivyotumia miaka akizitafuta picha hizo, akigonga milango ya mashirika na vyumba vya habari, ili ajione yeye na wenzake siku ile waliyopona. Fikiria. Siku ya maisha yako imehifadhiwa kwenye kabati la mtu mwingine, nchi nyingine, na wewe ndiye unayeandika barua ya kuomba kuiona. Tunapiga picha, tunaondoka. Wanaobaki kwenye picha hatuwarudishii. Kila mwanahabari mwenye kamera asome kitabu hicho kabla hajaenda tena kwenye ajali, mafuriko au kambi ya wakimbizi.

Hapa mtu ataniambia: "Bwana, hao unaowataja wote wako Ufaransa. Rwanda yenyewe je?" Swali la haki. Lugha huko imekuwa kizungumkuti. Waliosoma zamani walisoma kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali iliamua shule zihamie Kiingereza. Kinyarwanda ndicho kinachosemwa na karibu kila mtu. Na mwaka 2017 Bunge likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Kijana wa Kigali anayetaka kuandika anajiuliza kwanza: kwa lugha ipi, na nani atanisoma?

Pamoja na hayo, kazi inafanyika. Editions Bakame ilianzishwa mwaka 1995, nchi ikiwa bado inanuka moshi, na kazi yake ni vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Bakame ni sungura wa hadithi, yule yule mjanja wetu. Nani anafungua nyumba ya vitabu vya watoto mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari? Mtu anayejua kwamba chuki ilianza kwa hadithi walizosomewa watoto, kwa hiyo tiba nayo ianzie huko. Mwaka 2015 Louise Umutoni akaanzisha Huza Press mjini Kigali, kuwachapisha waandishi wa ndani. Na redioni, tangu 2004, mchezo wa Musekeweya umekuwa ukisimulia vijiji viwili vinavyogombana na kupatana. Redio iliyoua ndiyo inayotumika kuuguza. Ukisema Wanyarwanda hawasomi, kumbuka kwamba wanasikiliza, na aliyeuandika mchezo ule ni mwandishi kama mwingine.

Sasa tufike penye mwiba. Siwezi kuwasifu waandishi wa Rwanda nikaruka swali la uhuru wao, nitakuwa mnafiki. Kizito Mihigo, mwimbaji wa nyimbo za dini, yeye mwenyewe manusura wa 1994, alitoa wimbo mwaka 2014 uliowaombea wafu wote, hata wale waliouawa katika matukio mengine. Alikamatwa mwaka huo, akahukumiwa miaka kumi mwaka 2015, akasamehewa 2018, na Februari 2020 akafia mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Innocent Bahati, mshairi kijana aliyekuwa akighani mashairi yake kwenye YouTube, alionekana mara ya mwisho Februari 2021. Mwaka mmoja baadaye waandishi zaidi ya mia moja wa nchi mbalimbali walimwandikia barua rais wa Rwanda wakimuulizia. Mamlaka zilisema alivuka kwenda Uganda. Ninavyoandika haya sijaona shairi lake jipya.

Najua kuna wasomaji watakaosema: ukijua redio ilifanya nini kule, utaelewa kwa nini serikali inaogopa maneno. Ninaelewa. Nimetoka kuitaja RTLM mwenyewe. Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. RTLM iliwaita watu mende. Kizito aliwaita wafu wote watu. Sheria isiyoweza kutofautisha sentensi hizo mbili hailindi kumbukumbu ya mtu yeyote. Na kabla hatujanyoosha kidole kuvuka Rusumo, tukumbuke kwamba mwenzetu Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017. Tuna maswali yetu wenyewe ambayo hayajajibiwa. Ndiyo maana nasema waandishi wa Rwanda ni habari zetu pia. Wanayouliza juu ya kumbukumbu, hofu na ukimya, tunayauliza na sisi, ila kwa sauti ya chini.

Basi tufanye nini? Mimi si mtu wa kulalamika bila pendekezo.

Kwanza tafsiri. Tusijidanganye kwamba haiwezekani, kwa sababu tuliwahi kuifanya. Mwaka 1973 wasomaji wa Kiswahili walipata Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya Things Fall Apart. Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Cameroon, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ikawa Boi. Ya Mariama Bâ wa Senegal, nayo kutoka Kifaransa, ikawa Barua Ndefu Kama Hii. Cameroon na Senegal tuliweza, Rwanda ituteshe nini? Siku hizi tumekuwa watu wa kusubiri cheti. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, mtoto wa Zanzibar, ilitoka 1994. Kiswahili chake, Peponi, alichotafsiri Ida Hadjivayanis, kilikuja 2022, baada ya Nobel ya 2021. Miaka 28! Namshukuru sana mtafsiri. Lakini kama mwana wa nyumbani alisubiri Stockholm, jirani atasubiri nini?

Pili, watafsiri tunao, tena si lazima wapitie Kifaransa. Ngara kuna Wahangaza, Kigoma kuna Waha, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kinyarwanda. Goma kuna watu wanaoota kwa Kinyarwanda na kugombana kwa Kiswahili. Nyamirambo, Kigali, Kiswahili kimezeeka mitaani tangu enzi za wafanyabiashara Waislamu. Wachapishaji wa Dar na Nairobi wakae na wale wa Kigali, waanze na kitabu kimoja. Ningeambiwa nichague ningeanza na kile cha mama yake Mukasonga. Ni kifupi, na mama anayelima mtama huku akiwaficha watoto hahitaji maelezo kwa msomaji yeyote wa huku.

Tatu, wewe na mimi. Anayesoma Kiingereza hana kisingizio, kwa sababu Mukasonga na Faye wametafsiriwa kwa lugha hiyo. Nunua kimoja, soma, kisha kipe mtu mwingine. Mwalimu wa fasihi, taja jina moja la Rwanda darasani muhula huu. Mhariri, mwezi Aprili ukifika usitume tena picha ya mafuvu na maelezo ya shirika la habari la nje. Tafuta mwandishi wa Kigali, mlipe, achapishwe.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 800,000 waliuawa katika siku zile mia moja. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Hakuna kichwa kinachoweza kubeba namba kama hiyo, iwe hii au ile. Stefania unaweza kumbeba. Binti yake ameshamleta mpaka mlangoni, miguu peku. Kinachobaki ni sisi kumkaribisha kwa lugha anayoisikia jirani.